Mama Apolonia na Mwaka wa Tano

Siku yangu ya kwanza katika kitengo cha takwimu za saratani, mjini Moshi, mkuu wa kitengo hakunionyesha hata kiti. Aliniambia, "Mtu aliyepotea simtaki. Niletee mzima, au niletee marehemu." Ndiyo kazi yenyewe: kuwafuatilia wagonjwa baada ya matibabu ili tujue wangapi bado wanaishi.

Vijana wanaoanza leo wanapiga simu, sisi tulitembea. Pale Soweto, mtaa wa hapa mjini, ilinibidi niulize kama mgonjwa bado yupo. Kule mlimani Kibosho, ambako watu huzikwa kihambani kwao, kwenye shamba la nyumbani, nilitupa jicho migombani kwanza, na nikiona saruji mpya nilibadilisha salamu.

Saratani ya tezi za mate ni adimu, tena ina hila. Uvimbe hutokea karibu na sikio, watu wakasema ni matubwitubwi. Mama Apolonia, mkulima wa kahawa wa Kibosho, alikaa nao misimu kadhaa. Nilipomuuliza sababu ya kuchelewa alijibu tu, "Hauumi." Neno hilo nimelisikia kwa wengi mpaka nikalichukia.

Upasuaji ulimwacha mdomo umepinda, maana mshipa wa fahamu wa uso hupita ndani ya tezi ile. Kila mwaka nilipanda kwake, nikamwamkia, akanipakulia mtori huku akinitania kwamba nimekuja kuona kama amekufa.

Mwaka wa tano mkuu wa kitengo alifurahi. Kwenye takwimu zetu, aliyefika hapo huhesabiwa amenusurika, na ufuatiliaji huishia hapo. Mama Apolonia hakufurahi.

"Kwa hiyo mwakani huji?"

"Hakuna haja, mama. Umepona."

"Basi nani ataniuliza hali?"

Nilidhani ni utani wake ule ule.

Sasa nimestaafu. Vijana wa kitengo hunionyesha michoro yao na kuniuliza kama ugonjwa umeongezeka. Sijui, huenda wanaokuja hospitali ndio walioongezeka. Mstari wa walionusurika unapanda, nao wanaufurahia. Mama Apolonia yumo kwenye mstari huo.

Aina yake ya saratani huweza kurudi baada ya miaka mingi, hata mapafuni. Tulilijua hilo, na bado ratiba ilikomea mwaka wa tano. Inaniuma mpaka leo.

Juzi nilipanda Kibosho bila kutumwa na mtu. Kabla sijafika mlangoni niliiona saruji migombani, nayo imeshaota kuvu. Binti yake alinikaribisha, akaniambia kikohozi kilianza mwaka ule ule nilioacha kwenda.

"Tulimsihi aende hospitali," alisema. "Akasema hakimuumi, na kwamba ukija atakuambia."