Mashine Iliyofunikwa Mgolole

Ng'ombe wa mahari kwetu hupokewa jua likiwapo. Giza likiingia wenye binti wanafunga zizi mpaka kesho, maana gizani mtu anaweza kukuletea ng'ombe chongo na ukamshukuru. Naanza na hilo ili ujue kwa nini siku ile nilikuwa na haraka, mimi ambaye sijawahi kuwa nayo. Hata shule niliiacha darasa la pili nikafuata ndama, na ndama naye hana haraka.

Mjukuu wangu alikuwa anaoa upande wa Kongwa. Ng'ombe walishapakiwa kwenye kenta nje ya ofisi ya mifugo, kilichobaki ni kibali cha kuwasafirisha. Bila kibali hupiti kizuizi cha barabarani. Dereva alikuwa Mrangi wa Kondoa, mtu wa maneno mengi, ambaye tangu asubuhi alikuwa anatafuna karanga zangu bila kuomba.

Afisa mifugo ni binti wa umri wa wajukuu zangu, amekaa mbele ya kompyuta.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nimefuata kibali."

"Nimeshakijaza, babu, bado kukitoa tu. Ila mashine inajisasisha."

Nikamwambia hilo neno halijafika kwetu.

"Inabadilisha mfumo wake. Juzi iliniuliza, nikasema baadaye. Jana nikasema baadaye. Leo haikuuliza."

"Basi izime."

"Imeandika nisiizime. Nikiizima, inaweza isiwake tena."

Hapo nikamwelewa. Ng'ombe akiwa anazaa humwinui ukamwambia twende.

Dereva akaingia, akainama kwenye kioo. "Asilimia ishirini na saba," akasoma. Akatoka, akarudi. "Ishirini na saba." Akaenda kuwamwagia ng'ombe maji, akarudi. "Bado ishirini na saba. Babu, mashine hii ni Mgogo mwenzako, ikishakaa haiinuki."

"Ingekuwa Mrangi," nikamjibu, "ingeshatuuzia kitu."

Binti akacheka, lakini mimi sikupendezwa. Si kwa utani, kwa kule kuhesabu. Kwetu ng'ombe hahesabiwi kwa kidole, wala mtoto. Ukitaka kujua kama zizi limetimia unatazama rangi: mwekundu yupo, mwenye baka yupo, yule wa pembe zilizoinama yupo. Kinachohesabiwa kinaacha kukua. Na huyu dereva alikuwa anaihesabu mashine ya watu mchana kweupe.

Nikavua mgolole wangu begani, nikakifunika kile kioo.

"Babu," akasema binti.

"Iache ijifanyie mambo yake bila kutazamwa."

Akanitazama, kisha akavuta kiti. "Mama naye hataki nihesabu vifaranga," akasema. Tukatoka wote hadi kivulini nje.

Tulikaa vizuri pale, siwezi kusema uongo. Niliwasimulia habari za marehemu baba, aliyeng'oa visiki kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu kule Kongwa. Alikuwa akisema tingatinga zao zikikwama, wazee wetu wanakaa kando kuzitazama, na mzungu anadhani wanamcheka. Walikuwa wanapumzika tu. Binti naye akapanda ubavuni mwa kenta kuwatazama ng'ombe wangu, akamsifia yule wa pembe zilizoinama. Nikasahau haraka yangu kabisa.

Aliyenikumbusha ni upepo. Hewa ilianza kupoa, mabega yangu yako wazi, nikarudi kuchukua mgolole. Kioo kilikuwa cheupe, kimetulia. Binti akakisoma, akashika kichwa.

"Imemaliza, babu. Sijui tangu saa ngapi. Inangoja niandike nenosiri tu."

Dereva alikuwa mlangoni. "Umeifunika kama uji," akasema. "Mpaka umepoa."

Nikajitupia mgolole begani. Kibali kikatoka, tukaondoka, jua limeshainama. Dereva aliendesha bila kugusa karanga zangu, na ukimwona Mrangi yule ameacha karanga ujue mambo ni magumu. Mimi akilini namwona mjukuu wangu ameketi na shati lake jipya, na wakwe wanatazama barabara.

Tulipokaribia boma lao, barabara ikazibwa. Ng'ombe wa boma hilo wanarudi kutoka malishoni, wamejaa njia nzima, vumbi jekundu. Dereva akapiga honi, wapi. Nikamwambia afungue nyuma. Tukawashusha wangu kwenye tuta, wakajichanganya na wale, wakaenda nao kama waliozaliwa pale.

Babu wa bibi harusi alikuwa amesimama mlangoni pa zizi, jua limebaki ukanda mwembamba juu ya kilima.

"Mmechelewa," akasema.

"Mashine ilikuwa haijamaliza."

Dereva akakohoa.

"Na wako wapi sasa? Nawaona wangu tu."

"Wamo humo humo."

Nikaogopa atasema tungoje kesho. Lakini mzee hakuhesabu, wala hakuniuliza idadi. Alisimama tu wakipita mbele yake, na kila aliyemfahamu alimwacha apite. Ambaye hakumfahamu alimgusa mgongo kwa fimbo, taratibu, akamtazama macho na miguu. "Huyu mwekundu si wangu. Huyu mwenye baka si wangu." Alipofika yule wa pembe zilizoinama, akatabasamu. "Huyu natamani angekuwa wangu tangu zamani."

Tukaingia nyuma ya ng'ombe wa mwisho. Kisha mzee akasema, "Wametimia," akavuta miti ya mlango, akafunga zizi, na sisi tukiwa ndani.