Sifael na Moto Usioonekana

Kutoka Arusha mpaka pwani ya bahari iliyo karibu ni mwendo wa kutwa nzima kwa basi, na bila shaka ndiyo sababu mafunzo ya kuendesha meli kwa mafuta safi yalifanyika Arusha. Iko miji duniani yenye bandari lakini haina kumbi. Arusha ina kumbi, ina hoteli zenye bustani, ina mlima wa kupigia picha. Bahari tu ndiyo iliyokosa nafasi kwenye ratiba.

Sifael Mbise alipopigiwa simu alikuwa likizo kwake Nkoaranga, kijijini mlimani, anakata majani makavu ya migomba. Ana miaka arobaini na sita, na kumi na saba kati ya hiyo ameimalizia ndani ya chumba cha injini cha meli ya kazi, zile zinazowapelekea saruji, mabomba na chakula watu wanaochimba gesi baharini huko kusini. Si kazi inayoeleweka mlimani. Mama yake aliwahi kuwaambia wenzake wa kanisani kwamba mwanawe yuko kwenye maji, wakaelewa kuwa ni mtu wa idara ya maji, na tangu hapo kila akija likizo huitwa kuziba mabomba ya majirani. Huyaziba. Ni rahisi kuliko kueleza.

Simu ilisema kampuni inaachana na dizeli. Meli mpya itatumia methanoli, kimiminika kisicho na rangi, chepesi kama spiriti, kisichotoa moshi mweusi. Sifael, ambaye kwa miaka kumi na saba amekuwa akipenga kamasi nyeusi, hakuwa na neno baya juu ya hilo. Shida ilikuwa sentensi ya mwisho: asiye na cheti cha mafunzo hapandi meli. Na Nkoaranga kuna kazi nyingi, ila ya fundi wa injini ya meli haipo hata moja.

Siku ya kwanza wanafunzi walifunguliwa mafunzo na mgeni rasmi, wakapiga picha ya pamoja, wakanywa chai. Mkufunzi mkuu alikuwa Stanley, mzee mwenye mvi za heshima aliyekwisha kuhudhuria mikutano ya mafuta safi katika nchi tisa, zote kwa ndege. Siku ya pili walipelekwa kwenye maziwa ya Momela kutazama heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, safari iliyoandikwa kwenye ratiba kuwa ziara ya mazingira ya majini. Heroe husimama majini na hawatumii dizeli, kwa hiyo walifaa.

Siku ya tatu ndipo ulipokuja mtihani wa moto, nyuma ya jiko la hoteli, saa sita mchana, jua likiwa utosini. Karai la chuma lilimiminiwa methanoli, likawashwa. Mtahiniwa alitakiwa kuuzima moto kwa mtungi wa povu, kungoja mkufunzi atamke kuwa ni salama, kisha kulisogelea karai na kusimama kando yake. Zamu ya kwanza ilikuwa ya Sifael, na mgeni rasmi alikuwa amerudi kwa ajili ya picha.

Akapuliza povu. Povu likatua juu ya methanoli na kuanza kuyeyuka kama sukari kwenye chai. Sifael alikitazama kibandiko cha mtungi: lilikuwa povu la moto wa petroli na dizeli. Methanoli hulila povu hilo likaisha. Lakini kwenye karai hapakuonekana kitu, wala moshi wala mwali.

"Umezimika," akatamka Stanley. "Salama. Kijana, sogea. Na mimi nasogea, mgeni rasmi atuone pamoja."

Hapo Sifael akakwama. Nyumbani kwake wanapikia gesi ya kinyesi cha ng'ombe, mwaka wa kumi sasa, na mke wake Fransiska asubuhi jua likiingia mlangoni hasogezi mkono jikoni kabla hajapitisha jani kavu la mgomba juu ya jiko, maana mwali wa gesi ile kwenye jua hauonekani. Methanoli ndiyo kabisa. Ila huwezi kumwambia mzee mbele ya wageni kwamba amekosea. Mlimani jambo hilo halifanyiki hata nyumba ikiungua, na ukilifanya kwa mkufunzi, cheti sahau.

Pembeni alikuwepo Namelok, mfagiaji wa hoteli, ameegemea fagio lake la chelewa lenye mpini mrefu. Sifael akamwomba amwazime.

"Wanaume wa meli mnajua kufagia?" Namelok akauliza. "Haya, lakini ulirudishe."

Sifael akainama kidogo mbele ya Stanley. "Mzee, kwa ruhusa yako nifagie kwanza hapo utakaposimama. Pana vumbi, na viatu vyako ni vipya."

Stanley, ambaye hakuwahi kukataa heshima, akasimama kungoja. Sifael akafagia, polepole, akilielekea karai, kisha akapitisha chelewa juu yake. Fagio likashika moto hewani, kwenye kitu ambacho hakikuwepo.

Mgeni rasmi alirudi nyuma hatua nne bila kushauriwa. Namelok alisema kwamba hilo fagio halirudi tena. Karai likafunikwa kwa bati, wote wakaambiwa ni muda wa chai.

Wakati wa chai Stanley alimwita Sifael kando. Fomu ya mtihani haikuwa na kisanduku cha fagio. Ilikuwa na kisanduku cha kutii amri ya mkufunzi na kingine cha kutumia vifaa vilivyoidhinishwa, na kwa vyote viwili Sifael alikuwa ameanguka. Hata hivyo, alisema mzee akiikoroga chai ambayo haikuwa na sukari, jambo linaweza kutazamwa kwa namna nyingine. Ikiandikwa kwenye ripoti kwamba fagio lilikuwa onyesho lililopangwa na mkufunzi, basi mtahiniwa atakuwa ametii amri. Na amefaulu.

Sifael alifikiria chumba cha injini, na mitungi itakayotundikwa ukutani mwake. Ofisi ya kampuni iliyonunua mtungi ule wa nyuma ya jiko ndiyo itakayonunua na ile.

"Fagio ni lako, Mzee," akasema. "Onyesho zuri sana. Ila andika pia kwamba povu hili halizimi methanoli, meli isipewe. Usaini, na mimi nipewe nakala."

Stanley aliweka kikombe chini. Kisha akatoa kalamu.

Jioni Sifael alipanda njia ya Nkoaranga na karatasi mbili. Cheti, chenye picha ya meli na mlima, alikikunja akakitia mfuko wa suruali. Ile ya povu aliifunga kwenye nailoni, akaiweka kifuani, isije ikalowa.