Kiitikio cha Mjomba

Mjomba wangu alikuwa watu wawili, na mimi nilimtaka mmoja tu. Wa kwanza alipiga malimba, kile kisanduku cha mbao chenye vyuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, kwenye sherehe za jando vijijini. Wa pili aliandika riwaya. Zilichapwa mbili, nyembamba, na alizitunga huku akibeba magunia ya korosho bandarini.

Mwandishi nilimtangaza shule nzima. Mpiga malimba nilimwonea haya. Miaka ile ya tisini tulikaa mjini, mtaa wa Likombe, baba akiwa karani wa serikali, mtu wa bara, na Kimakonde cha mama hakikuruhusiwa kuvuka kizingiti. Mjomba akija na malimba yake ameifunga kwenye kanga, baba alifunga dirisha, nami nilishukuru kimoyomoyo. Mjomba alicheka tu, akapiga taratibu, akiimba maneno nisiyoyaelewa.

Alipofariki nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, nimevimba kichwa. Nilikwenda msibani, kijijini karibu na Madimba, na riwaya yake ya kwanza mkobani, nikiamini nitaombwa niseme neno. Hakuna aliyeniomba. Niligundua kwamba pale kijijini hakuna aliyekuwa na habari na hizo riwaya, ila nyimbo zake walizijua hadi wanaojifunza kutembea.

Baada ya mazishi wakaingia watani. Mtani wa ukoo wetu, bibi mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, alivaa koti la marehemu, akachechemea alivyochechemea, akaomba tumbaku alivyoiomba. Watu walicheka machozi yakiwatoka. Kisha akaikamata malimba. Ndiyo kawaida yao: mtani huteka kitu cha marehemu, na wenye msiba hukikomboa, kwa kuku au chochote kilichopo. Mama akaleta kuku. Bibi akamkataa.

Alimtaka mpwa. Kwetu ndiye mrithi wa mjomba, na mpwa mwenyewe alikuwa mimi peke yangu. Yeye angeimba wimbo wa marehemu, mimi ningeitikia, malimba ingebaki nyumbani. Vinginevyo angeondoka nayo, na mtani hakasirikiwi.

Akaimba kwa Kimakonde. Akafika mahali pa kiitikio, akanyamaza, akanitazama. Msiba mzima ukanitazama. Akarudia, safari hii polepole, kama anayemlisha mgonjwa. Nilichoweza kufanya, Mungu anisamehe, ni kufungua mkoba na kutoa kitabu. Nikasema mjomba alikuwa pia mwandishi, na kwamba ningewasomea kidogo. Mtu mmoja akakohoa. Mama aliinamisha uso, akaanza kuchambua uzi wa kanga yake, na sijawahi kuona aibu ya mtu mwingine ikiniuma namna ile.

Bibi hakunicheka, na hapo ndipo nilipojua mambo yameharibika, maana mtani kazi yake ni kucheka. Aliifunga malimba kwenye kanga ileile, akaja kukaa karibu nami.

"Mwanangu, hata maana yake huijui?"

Nikatikisa kichwa. Akanitafsiria kiitikio kwa Kiswahili chake cha shambani: nimebeba korosho za watu mpaka bega limesahau jina langu.

Nilikifungua kitabu, ingawa sikuwa na haja. Ilikuwa sentensi ya kwanza ya riwaya. Niliikariri tangu kidato cha pili. Niliwahi kuiandika ubaoni na kuwaeleza wanafunzi uzuri wake. Mjomba alikuwa ameniimbia sentensi hiyo sebuleni kwetu, dirisha likiwa limefungwa, nami nikisubiri amalize.

"Hii naijua," nikamwambia.

"Unaijua," akasema, akijitwika malimba. "Lakini aliyeitwa ni wewe, na hukuitika."

Akatoka nayo. Mama akamfuata hadi njiani na yule kuku, akampa bure.