Kopo la Maji Njia ya Salala

Sikwenda vitani kwa ushujaa, niseme mapema. Alinituma mama. Ulikuwa mwaka wa nne tangu tutoke Unguja, tunakaa Matrah, Uarabuni, chumba kimoja, na mdogo wangu Nassor dereva wa malori ya jeshi kule vitani Dhofar. Miezi mitatu hatuna khabari zake. Mama akanambia, "Nenda kamtazame. Kama yuhai mlete, kama hayuhai nambie." Nikaomba kazi ya upakizi kwenye malori ya mchele yaendayo kambini Salala.

Siku tatu za mwanzo ni jangwa tupu, mpaka macho yanachoka kwa kukosa kitu cha kutazama. Nlivaa viatu vya harusi ya binamu yangu, vinabana, lakini hayo si ya leo.

Siku ya nne tukapewa Bedui wa kutuongoza, jina lake Musallam. Akatwambia magurudumu yafuate alama za lori la mbele, na miguu yetu vilevile, kwani watu wa jabali, wale waasi, wamefukia mabomu. Toka hapo midomo ya dereva ilikuwa ikenda kwa dua tu.

Adhuhuri tukasimama. Tumbo likanishika, nadhani khofu. Wenzangu walichutama papo hapo ubavuni mwa lori, kanzu zimewafunika. Miye nimefunzwa na mama tangu mdogo kuwa haja haionekani na mtu. Nikachukua kopo langu la maji nikaelekea kwenye kijiti kule mbali.

"Yaa Zinjibari, simama." Musallam huyo, sauti ya chini. "Usigeuke."

"Nimefanya nini?"

"Bado hujafanya. Rudi kinyumenyume, ukanyage nyayo zako hizo hizo. Ntakwambia kila hatua. Kulia kidogo. Vyema. Tena."

Maji yakamwagika yote miguuni, na si ya kopo peke yake, miye sifichi. Nlipofika alinishika mkono, akanionesha kwa fimbo pale nlipokuwa nimesimama. Hatua mbili mbele ya hapo mchanga ulikuwa umefukuliwa ukasawazishwa.

"Aibu gani hii ya kukupeleka kaburini?" akaniuliza. Hapana aliyecheka.

Siku ya sita, Salala. Nassor nlimkuta kitandani kambini, yuhai, mguu wa kulia hauna kitu chini ya goti. Nikamuuliza lori lake lilikanyaga bomu?

Akatazama ukutani. "Lori zima, kaka. Nlishuka kwenda kujisitiri."

"Na kopo?"

"Na kopo." Kisha akasema, "Mama usimwambie."

Kurudi tulichutama ubavuni mwa lori kama wengine, nimemshika bega asianguke. Kila tukisimama nlikuwa nikitazama mchanga kabla ya kukanyaga, hata pale Musallam alipokwisha kutuacha, hata tulipokaribia Matrah.

Nlilojifunza ni kuwa adabu ya nyumbani si kila mahala inakulinda, na aliyekufunza hana kosa. Ndiyo maana mama, alipokwisha kulia na kulipapasa lile goti, nlimjibu nilivyomjibu.

"Huko jangwani," aliuliza, "mlikuwa mkipata pahala pa kujisitiri lakini?"

"Tukipata, mama."

"Alhamdulillahi," akasema.