Sauti ya Tatu Katika Kwaya ya La Rochelle

Kazini nilikuwa mchumi wa benki, nikishinda na makisio ya bei na riba. Lakini nilichokipenda kuliko vyote miaka ile ni kuimba. Jumamosi mchana, Wakenya wenzangu wakichoma nyama, mimi nilikuwa La Rochelle, mtaa wa wahamiaji kusini mwa jiji, katika ukumbi wa kupanga ambako Wakongo walisali.

Aliyenivuta huko alikuwa mlinzi wa jengo letu, mtu wa Bukavu. Asubuhi moja nilipita mapokezi nikiimba chini kwa chini wimbo wa kanisani, naye akaupokea kwa sauti ya tatu, nyororo, hata nikasimama.

"Papa, iko sauti pale ndani," akaniambia. "Usiache inalala."

Tukawa tunasimama bega kwa bega, yeye sauti ya tatu, mimi ya nne. Baada ya mazoezi tulikwenda kwake kula bugali na sombe, kisamvu cha kwao. Mkewe, msusi wa Joubert Park katikati ya jiji, alituongelesha Kiswahili. Binti yao mdogo alielewa yote na kujibu kwa Kizulu.

Baridi ya mwaka 2017 sauti yake ilikwaruza. Baridi ikaisha, ikabaki vilevile. Hospitali wakakuta uvimbe kooni.

"Wanasema nitaishi," aliniambia, "lakini sitasema tena. Watakata yote."

"Na wewe umeamuaje?"

"Mtoto angali mudogo, Papa. Mungu njo anajua. Wakate."

Alipopona alirudi kwenye kwaya, skafu shingoni. Mwalimu hakumpa mtu mwingine nafasi yake. Alisimama pale pale, akitamka kila neno bila mlio, na kiganja chake akikiweka mgongoni kwangu ili aisikie sauti ikipita. Niliimba nikiona uchungu, maana nilihisi vidole vyake vikikaza kila ilipofika zamu ya sauti ya tatu.

Mwaka uliofuata ugonjwa ulirudi, na safari hii hapakuwa na cha kukata. Tulimzika mchana wa upepo mkali. Kwaya iliimba, nami nikaimba hadi mwisho, kwa sababu sikujua kingine cha kumfanyia.

Wiki chache baadaye mkewe aliniuliza kama nina sauti yake kwenye simu. Nilikuwa na nyimbo nyingi, zote za kwaya nzima. Hatukuwahi kumrekodi peke yake. Tukaketi kitandani, simu katikati yetu, tukasikiliza. Binti yake akauliza kwa Kizulu baba yuko wapi humo.

"Subiri," nikamwambia.

Nikarudisha wimbo nyuma, nikainamisha sikio. Sauti ya tatu ilisikika, lakini walikuwa wengi walioiimba, na sikuweza kumtambua. Mama yake alinitazama usoni, kisha akanyoosha mkono taratibu akaizima simu.