Bunduki ya Kukulia

Binti yangu alingoja tuvuke mto ndipo akaniambia anataka kujifunza kupiga bunduki. Ilikuwa Jumamosi, nimetoka kumchukua kwa mama yake, mji wa Champlin, tunarudi kwangu Columbia Heights. Alilisema kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakielewa chote ila ulimi wake haukitaki. Nusura nipandishe gari kwenye ukingo wa barabara.

Kuna msichana wa darasani kwake ambaye babu yake humpeleka kwenye uwanja wa shabaha, na safari moja walimchukua na yeye. Nikamuuliza alipenda nini huko. Akafikiri kidogo, akasema alipenda kwamba pale watu hawaongei.

Nililielewa jibu hilo kuliko alivyodhani. Jumamosi zetu mimi na yeye zilikuwa za maswali yangu na "sawa" zake. Shule? Sawa. Chakula? Sawa. Mama? Sawa. Halafu anarudi kwenye simu yake na mimi narudi kwenye sinki kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Tangu ndoa ilipovunjika hakuwahi kuniomba kitu ambacho asingeweza kumwomba mama yake, na sasa ameniomba kimoja. Angeniomba nimfundishe kuendesha ndege ningetafuta kitabu.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo sikupenda kulifikiria. Mama yake alikuwa amepata kazi Texas, mwendo wa siku mbili kwa gari, na alikwisha kuniambia kwamba Agosti wanahama, yeye na mtoto. Aliniambia taratibu, kwa heshima, na karatasi zote zilikuwa upande wake. Mimi ni mbishi. Nilimjibu kwamba mambo ya Agosti yatajulikana Agosti, nikaendelea kuishi kana kwamba mwezi huo umefutwa kwenye kalenda.

Nilipompigia kuhusu bunduki, alinikatiza kabla sijamaliza.

"Wewe mwanaume, una akili timamu? Sisi na bunduki tumejuana wapi?"

"Mimi nimepita jeshini."

"Jeshini ulilima mahindi. Ulinisimulia mwenyewe."

Ni kweli tulilima sana. Lakini kila kijana aliyemaliza kidato cha sita miaka yetu ile alipita JKT, jeshi la kujenga taifa, na kati ya mahindi na mchakamchaka tulipelekwa uwanjani kulenga shabaha, na mimi nilikuwa nalenga vizuri. Ni kitu pekee nilichowahi kufanya vizuri mbele ya afande. Mwishowe mama mtu alikubali, kwa masharti: bunduki ilale kwangu, ifungwe kwa kufuli, risasi zikae mbali nayo, na yeye mwenyewe asiione hata kwa picha. Nilikubali yote.

Sikutaka kwenda dukani peke yangu. Nilimwomba rafiki yangu anisindikize, Mkenya mmoja wa mji jirani wa Brooklyn Park, nesi, mtu wa maneno mengi na moyo mzuri. Tulipoegesha gari alinikagua juu mpaka chini.

"Bro, huku tuna-behave," akasema. "Toa mikono kwa mfuko. Na usicheke sana, lakini pia usikose kucheka."

Tukaingia kama watu wanaoingia ukweni. Watu wazima wawili weusi, tumechana nywele, tunamsalimia kila aliyegeuka. Hakuna aliyetukosea adabu. Muuzaji alikuwa mama wa Kizungu wa makamo, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi, naye aliuliza swali moja tu la maana: mtoto ana mkono mrefu kiasi gani?

Nilikuwa nimejiandaa. Nilitoa mfukoni kamba ya kiatu. Wiki iliyotangulia, binti yangu akiandika kazi zake za shule mezani, nilimpima mkono kwa kamba hiyo kutoka kwenye kiwiko mpaka kidoleni, nikafunga fundo. Kwetu mama alitupima miguu hivyo hivyo akienda gulioni kununua viatu, nasi tunabaki nyumbani tukiomba kamba isipotee njiani. Yule mama aliishika kamba akasema katika maisha yake ya kuuza bunduki hajawahi kuletewa mtoto namna hii.

Akaweka mbili mezani, zote za risasi ile ndogo kabisa inayofaa kwa wanaoanza. Moja ilikuwa fupi, nyepesi, kitako chake kimekatwa kwa kipimo cha mtoto. Ya pili ilikuwa ya mtu mzima, ndefu, mbao yake ya rangi ya kahawia iliyoiva, nzuri mpaka inatia aibu. Akainyoosha kamba yangu kwenye ile fupi, ikakaa sawasawa. Kwenye ile ndefu kamba iliishia njiani.

"Hii fupi ndiyo yake," akasema.

"Mwaka ujao haitamtosha," nikasema.

Akanieleza kwamba ndivyo wanavyofanya wengi: mtoto anaanza na fupi, akikua anapewa ndefu, na ile fupi anaachiwa mdogo wake. Alisema kwa wema, bila kujua. Mimi sina mdogo wake. Nina huyu mmoja, wa Jumamosi.

Hapo kichwa changu kikakaza. Mimi nimelelewa na watu ambao hawakununua kitu cha mtoto kwa mwili alionao. Sare ya shule ilinunuliwa ya kukulia. Kaptula ya darasa la tatu ilinifika chini ya magoti, mkanda unanizunguka karibu mara mbili, na nilipokuwa darasa la sita ndipo ilipokuwa kaptula. Kumnunulia mtoto kitu kinachomtosha leo ni kama kumwambia hutarajii akue. Nikanyoosha kidole kwenye ile ndefu.

"Hiyo ni ya mtu mkubwa, boss," Mkenya akaninong'oneza. "Unamnunulia mtoto ama unajinunulia?"

"Si atakua?"

"Atakua, lakini Saturday ata-hold aje?"

Nikatoa kadi ya benki nikailipia ile ndefu. Najua sasa kwamba nilikuwa ninanunua miaka. Bunduki ile ndefu ilihitaji msichana wa miaka kumi na tano, kumi na sita, na mtu hawezi kuwa na bunduki ya msichana wa miaka kumi na sita kama msichana mwenyewe haji tena. Ndivyo nilivyokuwa ninafikiri, kama inaweza kuitwa kufikiri.

Jumamosi ya kwanza nilipata tabu nyingine ambayo hakuna aliyenionya. Ghorofa yetu ina ngazi moja tu, na kuitoa bunduki mpaka kwenye gari ni lazima upite mbele ya milango ya watu na kituo cha basi. Nilikuwa nimeshaiweka kwenye mkoba wake mrefu, imefungwa, haina risasi, kila kitu kwa sheria. Nikasimama nyuma ya mlango wangu. Nikavua koti jeusi nikavaa la kazini lenye nembo. Nikavaa kofia ya rangi ya chungwa ya wawindaji ambayo nilikuwa nimeinunua kwa ajili hiyo hiyo. Nikaona bado, nikatundika na kitambulisho cha kazi shingoni. Binti yangu alinitazama.

"Baba," akasema, "unafanana na mtu anayerekebisha taa za barabarani."

"Ndivyo ninavyotaka," nikamwambia. "Wewe tangulia, uongee kwa sauti."

Akatangulia, akaongea kwa sauti, tukafika garini salama. Alicheka njia nzima. Sikumweleza nilichokuwa nikikiogopa, jirani kuona mtu mweusi na bunduki akaita polisi. Nadhani alikijua, maana aliposhika mlango wa gari aliangalia kulia na kushoto kabla ya kuingia.

Uwanja uko kaskazini, mashamba yanapoanza. Tulikaa kwenye meza yetu, miwani machoni, vifuniko masikioni. Nilimfundisha nilivyofundishwa: mtutu hauelekei kwa mtu hata kama bunduki ni tupu, kidole kinakaa nje mpaka uwe umeamua. Aliyasikiliza yote kwa umakini ambao sijawahi kuuona nikimwambia achane nywele. Kisha akaiinua.

Haikuwezekana. Kitako kilimpita bega, ikabidi akipachike chini ya kwapa. Shingo akaipinda kama kuku anayetazama angani. Mkono wa mbele ulishuka kwa uzito. Alipiga, udongo ukaruka mbali na karatasi. Akapiga tena, na tena. Nikamwekea mfuko wa mchanga chini ya mtutu, nikamsogezea kiti, nikamwambia anyooke, ajikunje, anyooke. Karatasi ilibaki nyeupe. Mtoto wangu hakulalamika, na hilo ndilo lililonichoma. Aliendelea kujaribu kuenea kwenye kitu nilichompa.

Kwenye meza ya jirani alikuwapo mzee wa Kizungu tusiyemjua, mjukuu wake amekwenda kula. Alikuwa ametuona kwa muda. Akaja na bunduki fupi, kitako kimechakaa, akaniuliza kwanza mimi kama mtoto anaweza kuijaribu. Nikasema ndiyo, asante, kwa sauti ya mtu anayesema hapana.

Ile ilimkaa begani kana kwamba imekatwa kwenye mwili wake. Nikainama nyuma yake nikamwambia kwa Kiswahili maneno ya afande: vuta pumzi, toa nusu, tulia hapo, bana polepole. Nilimwona mgongo wake ukipanda, ukishuka nusu, ukatulia. Tundu likatokea kwenye karatasi, karibu kabisa na katikati. Akageuka kunitazama, uso umejaa tabasamu, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilijua anafurahi bila kumuuliza. Wakati ule sikuwa na upweke wowote. Niliusahau kabisa, kama mtu anavyosahau jino likiacha kuuma.

Kwenye gari aliniuliza kwa nini nilinunua kubwa namna ile.

"Kwa sababu utakua," nikasema. "Utaikulia, mama. Vumilia kidogo."

Tulipita mataa mawili ya barabarani. Kisha akasema kwa Kiswahili, pole pole, akitafuta kila neno, na hapo nikajua kwamba alitaka nisikie vizuri:

"Baba. Mimi nitakua Texas."

Mama yake alikwisha kuniambia, karatasi zilikwisha kuniambia, na sikuziamini. Lakini mtoto mwenyewe alikuwa ameshajiona huko, mrefu, mikono imefika, na alikuwa ananisikitikia mimi. Niliendesha. Nilitaka kumwambia ninaogopa Agosti, na nilitaka kumwambia usiende, nikamwambia tununue chipsi.

Jumatatu niliirudisha. Bunduki ikishatoka dukani hairudi, ila waliweza kuipokea kama mtumba na kunipa nyingine. Yule mama wa miwani aliilaza ile ndefu nyuma yake, akaileta ile fupi, wala hakusema "nilikwambia." Nilimshukuru moyoni. Niliishika mikononi nikaona jinsi ilivyo ndogo. Ilikuwa ya mwaka huu tu, ya mwezi wa tano, wa sita na wa saba, na niliichukua hivyo hivyo.

Hatukukosa Jumamosi hata moja. Alikuwa akiteremka ngazi mbele yangu akiongea kwa sauti, mambo ya walimu na wasichana wenzake, hadithi ambazo nilipokuwa nikizidai hakunipa. Siku nyingine zilikuwa mbaya, hakugonga kitu, akanuna mpaka nyumbani. Siku nyingine alipanga matundu yake pamoja, kiganja kinayafunika yote. Uwanjani hatukuongea. Nilisema pumzi, akavuta. Nilisema nusu, akaachia nusu. Mwishoni sikuhitaji kusema, na nilisema hivyo hivyo, kwa kuwa nilitaka sauti yangu iwe kwenye kitu ambacho angeondoka nacho.

Agosti ikaja. Nilimkumbatia kwenye maegesho ya Champlin, mama yake amegeukia upande wa pili kutupa nafasi. Alikuwa amerefuka mpaka kunifika kidevuni, na hilo sikuwa nimeliona mpaka hapo.

Bunduki ilibaki, kwa masharti yale yale. Ingekuwa kitu kingine ningekipeleka posta. Jumamosi mbili nilikaa ndani. Vyombo vilikuwa sahani moja na kikombe, sikupata hata cha kuosha mara ya pili. Jumamosi ya tatu nilivaa kofia ya chungwa nikashuka nayo peke yangu, kimya, nikiomba nisikutane na mtu.

Uwanjani nilikaa meza ile ile. Niliiweka begani, nikaona haiwezekani: kitako kilinigota kifuani, magoti yakagonga meza, pua ikakaribia chuma cha kuingizia risasi. Ni kituko mtu mzima kujikunja hivyo. Nikapiga moja, nikakosa.

Mwanamume wa meza ya jirani, ambaye sikuwahi kumwona, aliinua vifuniko vyake vya masikio akatabasamu.

"Hiyo ni ya mtoto," akasema. "Yuko wapi mwenyewe?"

Nilikuwa na jibu la kweli, fupi, lisilo na aibu yoyote. Watoto wa watu huhama kila siku.

"Anakuja," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Akanyoosha mkono, akaondoa koti lake na mkoba wake kwenye kiti kilichokuwa kati yetu, akakipangusa vumbi kwa kiganja, akakisogeza upande wangu ili mtoto akifika apate pa kukaa.