Sketi Iliyolowa Msimu wa Mabibo

Nilijikojolea mbele ya kijiji kizima, nikiwa darasa la sita, msichana mkubwa ninayebeba ndoo ya maji kichwani na kumkaripia mdogo wangu kwa kulowesha kitanda. Nalisema mwanzoni ili tulimalize, maana kule kwetu hakuna anayelitaja jina langu bila kulifikisha hapo. Ulikuwa msimu wa korosho, na huko juu Newala msimu wa korosho mtu hahitaji kalenda kuujua, anahitaji pua. Mabibo, yale matunda yanayobeba korosho, yakianza kuoza chini ya mikorosho, harufu inapanda, tamu na kali kwa pamoja, inaingia kwenye shuka, kwenye ugali, kwenye nywele. Mbuzi wa jirani walikuwa wanayala wanalewa, wanarudi nyumbani wanayumba kama wenye mbuzi. Sisi tunachukua korosho, bibo lenyewe tunaliacha hapo hapo, isipokuwa yale waliyokuwa wanayakamua kina bibi yangu kutengeneza uraka, ile pombe nyepesi inayonywewa Jumamosi jioni na watu walewale wanaoimba kwaya Jumapili asubuhi.

Mwaka huo shuleni kwetu alikuwepo Mmarekani wa kujitolea, anafundisha Kiingereza, tunamwita Mwalimu Dani. Mrefu, shingo nyekundu kwa jua, na adabu imezidi kipimo: aliwapa shikamoo hata watoto wa chekechea, nao wakaitikia marahaba bila aibu yoyote. Mimi Kiingereza kilinishinda, na mwisho shule yenyewe ilinishinda, niliishia kidato cha pili, kwa hiyo mwenye cheti chake anisamehe nikipinda njiani. Lakini Mwalimu Dani alikuwa amepanga chumba jirani na kwetu, na siku moja alipita wakati Bibi anatwanga mabibo kwenye kinu. Akasimama ghafla. Akaomba bibo moja, akaling'ata, maji yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, akaanza kulia. Bibi akadhani limemkereketa koo, akanituma maji mbio. Kumbe sivyo. Tunda lile alikuwa analijua. Akasema huko Hondurasi, nchi ya watu wanaoongea Kihispania, mikorosho inaota uani kwa watu, na bibo wao wanaliita maranyoni.

Alirudi kesho yake, na keshokutwa, na kila siku alipomaliza kusahihisha madaftari. Akamwomba Bibi amkamulie mabibo asiyachachue. Bibi alicheka mpaka akakaa chini, kwake yeye hiyo ilikuwa sawa na mtu kuomba unga mkavu wakati ugali upo jikoni. Lakini alimkamulia. Dani akachuja kwa kitambaa, akatia maji ya mchele kidogo, akasubiri, akachuja tena, akatia sukari na ndimu. Tukanywa. Koo halikukereketa. Nilikunywa vikombe hata sitaki kusema vingapi, nikajimwagia sketi ya shule, na mwenye kulijua doa la bibo anajua hiyo sketi ilishakwisha. Mama alinipiga kwa lile doa kabla hata balaa lenyewe halijafika.

Wakati wa kukamua ndipo alipokuwa akisimulia, mimi nikishika kitambaa upande mmoja. Kwao Marekani baba yake alimfukuza nyumbani alipowaambia yukoje. Akatafuta kazi mbali, akafika Hondurasi hajui neno la Kihispania hata la kuomba maji. Huko akapata mwenzake, anaitwa Ramoni, na Ramoni alikuwa na mama. Yule mama siku ya kwanza alimtazama, akamkalisha, akampa glasi ya juisi ya maranyoni, akamwita miho. Maana yake mwanangu. Dani alisema lugha yote ile aliijenga juu ya neno hilo moja. Ameishi huko miaka, mama yule akafariki, ndipo akaomba kuja kufundisha huku, kupumzisha kichwa kidogo, kisha arudi. Bibi aliposikia mwenzake, mwenzake, akauliza kama wanavyouliza bibi wote duniani, huyo mke wako umemwacha na nani. Dani akatoa picha kwenye pochi. Wanaume wawili na bibi mmoja mfupi, wamesimama chini ya mkorosho wenye mabibo mekundu, ungeapa ni Kitangari, hapo hapo Newala kwetu. Akasema, huyu hapa. Bibi aliitazama sana ile picha. Akarudi kwenye mchi wake, akatwanga, akatwanga.

"Anajua kupika?" akauliza.

"Hapana, Bibi."

"Na wewe hujui. Basi mtakufa njaa nyote wawili. Lete hayo mengine nikamue."

Ikaisha hivyo. Mwanamke asiyejua kusoma, muuza uraka, aliimaliza kesi nzima kwa kinu na mchi. Mimi nilijua mambo yote hayo na wala sikumwambia mtu, si kwa sababu ni siri, ni kwa sababu hakuna aliyekuja kuniuliza habari za watu wazima wasiojua kupika. Ila nyuma ya ukuta wa makuti alikuwa amekaa mwalimu wetu wa hisabati na kikombe chake cha uraka, ametega sikio. Yeye ndiye aliyekwenda kusema kwa wazee. Na alikimaliza kikombe kwanza.

Kikao kiliitishwa kwenye veranda ya ghala la korosho, mchana kweupe, kila mtu aone. Baba Faustini ndiye aliyekiongoza, mzee wa shati jeupe na koo lisilokauka. Hapa ndipo utani wangu unapoishia, nivumilieni. Bibi aliinua mkono aseme, wakamwambia muuza pombe hasemi mbele ya kikao. Wakamwambia hivyo wanaume ambao uraka wake ulikuwa bado unanuka midomoni mwao. Dani wakamwambia akae kimya mpaka aulizwe, na hawakumuuliza. Hawakutaka mtu wa kuwaambia jambo, walitaka mtu wa kutetemeka. Wakaniita mimi, maana nilikuwepo kila siku. Wakasema mzungu huyu anawafundisha watoto wetu mambo ya kwao kwa lugha ya siri, mtoto na asimame aseme alichofundishwa.

Nilikuwa nimeshaipanga sentensi yangu tangu asubuhi, nikiirudia nikiwa nateka maji kama mtu anayekwenda kujibu katekisimu. Nitasema: hajanifanya kitu, amenifundisha kutengeneza juisi, na yule kwenye picha ni mtu wake, na mama yao alimwita mwanangu. Ndivyo tu. Nikasimama. Nikaona macho yote yale, nikamwona Mama ameinamisha kichwa, nikafungua mdomo. Maji yakatokea kwingine. Yalishuka mguuni mpaka kwenye sakafu ya saruji, yakatafuta mteremko, yakaenda taratibu mpaka kwenye ndara za Baba Faustini.

"Mmejionea wenyewe," akasema Baba Faustini. "Tuendelee kuuliza nini tena?"

Mtoto ameogopa wazee ishirini wenye fimbo, wao wakasema amemwogopa mwalimu wake. Mkojo wangu ukawa shahidi. Mdomo wangu ulikuwa bado uko wazi. Na Dani, mjinga wa watu, badala ya kujitetea akainuka, akavua koti lake, akaja kunifunga kiunoni watu wasinione. Watu wakaguna. Hata hilo wakalihesabu. Akaninong'oneza, pole miho, nami nikashindwa hata kumwambia asante kwa lugha yoyote, si Kiswahili, si Kiingereza, si hiyo ya kina Ramoni.

Wakaamua aondoke, na alfajiri alipanda lori la korosho kwenda Masasi, na kutoka hapo sijui. Alikuwa amebakiza miezi michache tu. Darasa letu halikupata mwalimu wa Kiingereza mpaka tulipomaliza la saba, na hakuna kikao kilichoitishwa kwa hilo. Sketi yangu Mama aliifua. Mkojo ulitoka mara moja. Doa la bibo liko mpaka leo, hicho kipande nafutia masufuria.

Sasa niko Masasi, nina genge langu, nakaanga samaki na kuuza juisi, ya mabibo ikiwemo. Msimu uliopita nilipanda Newala kumwona Mama, nikakuta semina. Vijana wa mjini wenye fulana za aina moja wanawafundisha wakulima kwamba bibo si la kutupa, lina vitamini, ukitia maji ya mchele halikereketi. Mstari wa mbele amekaa Baba Faustini, mzee sana sasa, fimbo katikati ya magoti, anakunywa kwa mrija. Akaniona. Akaniita mwanangu. Akasema kumbe tulikuwa tunatupa mali miaka yote hii. Nikampa shikamoo, kwa sababu nimelelewa, naye akaitikia marahaba, akarudi kwenye mrija wake. Mzee huyu hakumbuki. Hakuna hata mmoja pale anayemkumbuka Dani. Wanaoukumbuka mkojo ni wengi. Watu wanasema zamani tulikuwa washamba, siku hizi tumeelimika. Nini kimebadilika? Zamani kumfukuza mtu ilibidi watu watembee mpaka ghalani na kukaa kwenye saruji ya moto mchana mzima. Leo wanamaliza kwenye simu wakiwa wamelala.

Jioni yake nilikuwa nyumbani kwa Sikudhani, rafiki yangu tangu darasa la kwanza, yeye alikuwepo kwenye kile kikao amening'inia dirishani mwa ghala na wenzake. Nikawahadithia wanawe, na mbwembwe zote, mkojo unavyotafuta ndara za mzee, wakacheka mpaka wakaomba nirudie. Sikudhani hakucheka. Akawangoja watoto watoke.

"Mama Nuru," akaniambia, "miaka yote unatuchekesha na sketi. Siku ile mimi niliuona mdomo wako umefunguka. Haya, wazee wale wengi wamekufa na waliobaki hawasikii vizuri. Kaa hapo, uniambie ulitaka kusema nini."